Ukurasa wa Wazazi: Kichwa cha Mtoto si Gunia



Juma hili twataka kusema nanyi juu ya maneno matatu yanayotamkwa kila siku katika nyumba zetu, wala hatupimi uzito wake. Maneno yenyewe ni haya: "Huyu hana akili." Baba huyasema akipokea ripoti ya shule. Mwalimu huyasema akisahihisha daftari. Jirani huyasema akipita njiani. Mwisho mtoto mwenyewe huyasema moyoni mwake, na siku hiyo shule imekwisha kwake, hata akiendelea kukaa juu ya dawati kwa miaka mitatu mingine.

Hapa Kwedizinga, na katika vijiji vyote vya Handeni na Korogwe, twajua maneno hayo humpeleka mtoto wapi. Mvulana hukabidhiwa mbuzi, au hushika njia kwenda mjini kubeba mizigo ya watu. Msichana huambiwa akae nyumbani kumsaidia mama yake, na kabla hajapevuka vizuri wageni wameanza kuleta habari za mahari. Hukumu ya namna hiyo si ndogo. Basi yafaa tujiulize kabla ya kuitamka: je, kilichokosekana ni akili, au ni kitu kingine ambacho sisi wakubwa tulipaswa kukileta?

Wataalamu wamechunguza kazi ya ubongo kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, na mengi waliyoyaona yanakubaliana na yale ambayo mkulima anayajua. Ubongo wa mtoto si gunia, ambalo ukilifungua mdomo wamimina mahindi mpaka lijae. Ubongo ni kama shamba. Shamba lataka mvua, lataka mbegu kidogo kidogo kwa nafasi yake, lataka palizi, na lataka siku. Hakuna mkulima apandaye mahindi katika udongo mkavu, kisha akachukua fimbo kuichapa ardhi kwa sababu haikuota kitu. Lakini kwa watoto wetu twafanya hivyo mara nyingi.

TUMBO KWANZA

Tuanze na tumbo, maana ubongo hula. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika mia za uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika mia za nguvu yote inayotoka katika chakula. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi ni zaidi ya hapo: ubongo wake huchukua zaidi ya sehemu 40 katika mia za nguvu ambayo mwili wake unaihitaji kwa siku moja. Kwa hiyo mtoto akikosa chakula, kichwa chake nacho kimekosa.

Sasa mtazameni mtoto wetu. Ameamka gizani, ameteka maji au amefagia ua, ametembea mwendo mrefu, na tumboni hana kitu ila maji. Saa nne asubuhi mwalimu yuko ubaoni, afundisha kugawanya. Mtoto amkazia macho, lakini yeye afikiri ugali. Akiulizwa hajui. Ndipo yasemwapo yale maneno matatu.

Januari 2016 Serikali ilianza kutoa elimu ya msingi bila ada, na wazazi walishangilia kwa haki kabisa. Lakini wengine walidhani kwamba hata uji wa shuleni umekuwa mzigo wa Serikali. Sivyo. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa mzazi, pamoja na sare na daftari. Basi shule ambayo wazazi hawakukaa wakapatana, sufuria lake hubaki limefunikwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kikombe kizuri cha uji chahitaji kama gramu 50 za unga. Mwaka wa shule una siku 194. Zidisha: haifiki kilo 10. Yaani nusu debe ya mahindi yatosha uji wa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Ongeza gharama ya kusaga, sukari kidogo, kuni, na mama wa kupika. Ni mzigo, hatukatai, lakini haushindi kijiji.

Maneno mawili ya kuangalia. La kwanza, mchango wa mahindi ukusanywe wakati wa mavuno, nyumba ikiwa na kitu. Nchi yetu ya Handeni yajua ukame. Ukingoja mpaka maghala yawe matupu ndipo uitishe mkutano, utapata maneno tu. La pili, ambalo ni kubwa zaidi: mtoto wa mjane, au wa baba aliyekosa mavuno, asiondolewe katika foleni ya uji. Kumnyima mtoto kikombe mbele ya wenzake ni kumwaibisha kwa deni ambalo si lake. Kamati ya shule iongeze vibaba vichache juu ya hesabu kwa ajili ya watoto kama hao. Haba na haba hujaza kibaba.

USINGIZI NA HOMA

Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kila usiku. Usingizi si uvivu. Wakati mtoto amelala, ubongo wake hupanga yale aliyojifunza mchana, kama mama anayepanga vyombo baada ya wageni kuondoka. Mtoto aliyekesha kwenye kibanda umiza akitazama video, au aliyeangalia simu ya kaka yake mpaka usiku wa manane, huja shuleni na vyombo vimetapakaa.

Tena kuna malaria. Korogwe yetu ilikuwa mojawapo ya mahali 11 katika Afrika palipofanyiwa majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kuanzia mwaka 2009. Na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumiwe kwa watoto. Ni sifa kwa wazazi wa Korogwe waliokubali kusaidia. Hata hivyo chandarua kisiachwe. Mtoto anayepatwa na homa mara kwa mara hupoteza siku za shule, na hata akirudi darasani mwili hauna nguvu ya kushika mafundisho.

HOFU HUFUNGA MLANGO

Sasa twafika penye ubishi. Wazee wengi watatuambia: "Sisi tulichapwa, na tukajua kusoma." Ni kweli, wazee wetu, mlichapwa na mkajua. Lakini hebu tuulize: wale wenzenu waliochapwa wakatoroka wako wapi leo? Hao hawaitwi katika mkutano kutoa ushuhuda. Tunawasikia waliofaulu, tunasema fimbo ndiyo iliyofundisha.

Hofu ni kitu chema mahali pake. Ukikutana na nyoka shambani, moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, na fikira zote huwa juu ya jambo moja tu: kuokoka. Hapo hofu imekusaidia. Lakini wakati huo mtu akikuuliza saba mara nane, utamjibu? Mtoto anayemwogopa mwalimu huwa katika hali hiyo hiyo. Anatazama mkono wa mwalimu, hatazami ubao. Nafasi ndogo ya akili ambayo ingeshika hesabu imeshikwa na hofu.

Kanuni za Serikali za mwaka 2002 ziliweka mpaka: adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe katika kitabu. Tena ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa jibu la hesabu si kosa la nidhamu. Ni habari tu, inayomwambia mwalimu kwamba hapa somo halijaingia, alirudie kwa njia nyingine.

Wala fimbo si kitu pekee kitishacho. Kicheko huumiza vilevile. Mtoto aliyesimama akasoma vibaya, darasa zima likaangua kicheko, hatanyosha mkono tena muhula mzima. Twasema kila siku, "Kuuliza si ujinga." Basi tuwaonyeshe watoto kwamba twaamini maneno yetu. Mwalimu akimwambia mtoto, "Umekosea, lakini umejaribu, njoo tutazame ulipopotea," amefungua mlango ambao fimbo ingeufunga.

KIDOGO KIDOGO, NA TENA

Mtume mtoto dukani: "Lete chumvi, sabuni na kiberiti." Ataleta. Mtume mara nyingine, umtajie vitu kumi kwa mfululizo. Atarudi na vitatu au vinne, na chenji ameisahau. Je, amekuwa mjinga kati ya safari ya kwanza na ya pili? Sivyo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu aweza kushika kwa mara moja mambo kama saba tu. Na wengine waliomfuata walisema ni kama manne. Hiyo ni kwa watu wazima! Mtoto hushika machache zaidi. Mwalimu akijaza ubao mzima kwa pumzi moja, amemtuma mtoto dukani kwa vitu kumi.

Tena kuna kusahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya aliyokariri yalikuwa yamemtoka. Lakini aliona pia jambo la kutia moyo: kila aliporudia siku nyingine, kazi ya kuyakumbuka ilikuwa nyepesi kuliko mara ya kwanza. Kusahau, basi, si ugonjwa wa mtoto wako. Ni desturi ya ubongo wa kila mtu, na dawa yake ni kurudi. Dakika kumi leo, dakika kumi keshokutwa, dakika kumi juma lijalo, zashinda saa nzima ya siku moja.

Lakini kurudi namna gani? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi waisome. Wengine waliisoma tena mara ya pili. Wengine waliifunga, wakaandika wenyewe yale waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Lakini baada ya juma moja, walioandika kwa kukumbuka walishika sehemu 56 katika mia, na waliosoma mara mbili walishika 42. Maana yake ni kwamba ubongo hupata nguvu kwa kuvuta jambo kutoka ndani, si kwa kuwekewa tu, kama kisima ambacho maji yake hubaki safi kwa kutekwa.

Sasa fikirini darasa ambalo mwalimu husema na watoto huitikia wote pamoja. Ni sauti nzuri, nayo husikika mpaka barabarani. Lakini asiyejua hujificha ndani ya sauti ya wanaojua, hata mwalimu asimwone mpaka siku ya mtihani. Afadhali mwalimu aseme: "Fungeni daftari. Kila mmoja aandike maneno matatu ya somo la jana." Au: "Mgeukie mwenzako, umweleze." Jambo hili halihitaji fedha, na lawezekana hata katika darasa lenye watoto wengi kupita wale 45 waliopangwa na Serikali. Kwa hesabu, punje za mahindi, vijiti na vizibo vya soda vyatosha. Mtoto aliyegawa punje 12 kwa wenzake watatu ameona kugawanya kwa macho yake na kukushika kwa mkono wake. Kwa kusoma, mifuko mitupu ya saruji ikikatwa na kuandikwa silabi kwa herufi kubwa, kuta za darasa zimekuwa kitabu.

SHULE ISIYOKUWA NA UBAO

Wako watu ambao historia yao yatufundisha somo hili kuliko vitabu vya Wamarekani, nao ni ndugu zetu wenyewe. Katika karne ya 19, wakati wa njaa kuu, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nchi hii na pwani yake wakauzwa utumwani hata Somalia. Wengi walitoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Huko walikaa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, katikati ya watu wa lugha nyingine, bila shule ya Kizigua. Kisha vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawatawanya. Baadhi yao walikimbilia Mkoa wa Tanga, na baadaye wakapewa makazi Chogo, upande wa Handeni. Kumbe! Walipokutana na wazee wa hapa, walisemezana na wakasikilizana.

Ni darasa gani lililoilinda lugha ile kwa vizazi vyote hivyo? Ni jikoni kwa mama, ni shambani, ni mazungumzo ya jioni. Watoto waliisikia lugha kila siku, kidogo kidogo. Waliitumia kwa kazi yenye maana, si kwa kuikariri tu. Na walijifunza kutoka kwa watu waliowapenda. Hakuna mmoja aliyeambiwa kwamba hana akili ya kujifunza Kizigua.

Hapa pana neno pia kwa walimu wa awali na wa darasa la kwanza. Mtoto wa kijijini aliyelelewa na bibi yake huenda amefika shuleni akiwa na Kizigua kingi na Kiswahili kichache. Akinyamaza, si mjinga, anasubiri kuelewa. Mwalimu asimdhihaki kwa lugha ya kwao, bali aitumie kama daraja. Maji ya Kiswahili ni mazi ya Kizigua: hatua moja tu, mtoto amevuka. Lugha hizi ni ndugu, na anayeijua vizuri ya kwanza huishika ya pili upesi.

KABLA YA KUTAMKA HUKUMU

Basi, wazazi wapenzi, mtoto akishindwa, kuna mambo ya kutazama kwanza, nayo yote yamo katika uwezo wenu.

Tazameni macho na masikio yake. Mwombeni mwalimu amkalishe mbele juma moja. Akianza kufanya vizuri, huenda shida ilikuwa kuona ubao. Simama nyuma yake nyumbani, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka mara kadhaa, mpelekeni hospitali apimwe.

Tazameni asubuhi yake. Kazi za nyumbani ni malezi mema, lakini mtoto aliyekwisha kuteka ndoo nne kabla ya jua kupanda ameitumia nguvu yake kabla ya kengele. Gawanyeni kazi, na nyingine zingoje jioni. Wavulana nao wajue kwamba ndoo haina jinsi.

Tazameni jioni yake. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kumsaidia mtoto, na pengine ndiye mwalimu bora wa jioni. Mwambie, "Mwanangu, mimi sikusoma. Nieleze mlichojifunza leo." Mtoto atakapokueleza, atakuwa akivuta kutoka kisimani mwenyewe, tena mbele ya mtu ambaye hatamcheka. Akikwama, mwambie akamwulize mwalimu kesho, kisha aje kukujulisha. Dakika kumi, sufuria likiwa bado jikoni, zatosha.

Mwisho, nendeni kwenye mkutano wa wazazi. Msiende kusikia nani amekuwa wa kwanza na nani wa mwisho tu. Ulizeni: Watoto wetu wanakunywa uji? Kitabu cha adhabu kiko wapi, na nani anakiandika? Watoto wa darasa la pili wangapi wanasoma sentensi wenyewe, bila kuitikia pamoja? Ulizeni kwa heshima, maana mwalimu naye ana mzigo mzito, na mara nyingi yuko mbali na kwao. Mwalimu anayeona wazazi wamekuja na nusu debe mkononi hulipokea swali kama msaada, wala si kama mashtaka.

Tukifanya hayo, wako watoto ambao bado watakwenda polepole kuliko wenzao. Shamba moja huota siku ya tano, jingine siku ya tisa. Hao wahitaji subira zaidi, na wengine wahitaji walimu wa elimu maalumu. Lakini hata hao si watu wa kuhukumiwa kwa maneno matatu. Na wale wengine, ambao ni wengi, waliokuwa na njaa tu, au usingizi, au hofu, watatushangaza.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya mtoto anayeanza darasa la awali, na mambo ya kumzoesha nyumbani kabla ya siku ile ya kwanza. Kwa leo tuwatakie jioni njema, na hadithi nzuri kutoka vinywani mwa watoto wenu.